UZI: Meli za doria za Island, kosa la kuzirefusha, na chombo kinachofaa Mkondo wa Pemba

TeziNaOmo (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wanabaraza.

Kila zinapotajwa boti mpya za doria hapa visiwani, mazungumzo huishia pahala pamoja: ina futi ngapi, inakwenda noti (maili za bahari kwa saa) ngapi, imefungwa bunduki gani. Mie kazi yangu ni chumba cha injini, vyombo vya abiria vya Unguja na Pemba, na maswali hayo matatu ndiyo ya mwisho ninayoyauliza chombo kikiletwa. Nataka nieleze kwa nini, na nitaeleza kwa kupitia aina moja ya meli ambayo historia yake yote iko wazi, mazuri yake na aibu yake. Ni meli za doria za Walinzi wa Pwani wa Marekani zinazoitwa Island. Uzi utakuwa mrefu, mnivumilie.

Zilijengwa 49, kuanzia 1985 hadi 1992, zote na kiwanda cha Bollinger kilichoko Lockport, jimbo la Louisiana. Kila moja ilipewa jina la kisiwa: Farallon ndiyo ya kwanza, kisha Matagorda, Maui, Nunivak, Adak na nyenginezo. Urefu futi 110, yaani mita 33 na nusu. Upana mita 6.4. Tumbo lake linaingia majini kama mita mbili tu. Mwendo wa juu kabisa ni karibu noti 29. Mabaharia 16, na chakula na maji ya siku tano.

Bodi, yaani mwili wa chombo, ni ya chuma, vyumba vya juu ni alumini ili uzito usipande. Chini ya tumbo kuna mapezi mawili yanayojigeuza yenyewe kupunguza kuyumba. Mtu aliyewahi kukaa saa nne akiyumbishwa ubavuni na upepo wa kusi ataelewa thamani ya mapezi hayo: baharia aliyechoka kwa kuyumba hapandi chombo cha watu kukikagua, na hata akipanda hakagui kitu. Injini mbili kubwa za dizeli, Paxman Valenta za Kiingereza katika meli za mwanzo, na Caterpillar katika fungu la mwisho.

Na hili ndilo nililolipenda kuliko yote. Wamarekani hawakukaa wakachora meli mpya. Walikuwa wanataka chombo haraka, kwa hiyo walichukua mchoro wa Vosper Thornycroft wa Uingereza, ambao tayari vyombo vyake vilikuwa vinaelea katika majeshi ya maji ya nchi nyengine. Bodi ilikuwa imeshajulikana tabia yake kwenye mawimbi.

Haikuwa bila dosari. Zile 16 za mwanzo zilipelekwa kwenye bahari mbaya kwa mwendo mkubwa na mabati ya omo, yaani mbele ya chombo, yakaanza kupata nyufa. Zilizofuata zikawekewa bati nene zaidi mbele. Lakini angalieni walivyorekebisha: waliongeza chuma pale palipoumia, umbo wakaliacha kama lilivyo.

Kigomasha

Wa alaykum salaam sheikh. Umelitaja jina Vosper Thornycroft na umenikumbusha mbali. Sisi watu wazima tunazikumbuka boti zao hapa hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Zanzibar ilipata boti za doria za futi 75 kutoka kwa watu hao hao, ndizo zilizokuwa zikizunguka kuzuia magendo ya karafuu. Wakati ule karafuu ya Pemba ilikuwa ikivushwa usiku kwenda Shimoni, Vanga na Mombasa, na KMKM jina lake kamili ni Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, kwa hiyo kazi ilikuwa inajieleza. Hizi boti za Marekani ni ndugu zao basi?

TeziNaOmo

Ndugu wa nyumba moja, Mzee wangu, naam, ingawa hizo zenu zilikuwa fupi sana kuliko hizi. Ahsante kwa kumbukumbu hiyo, vijana wengi wanadhani doria ya baharini hapa imeanza juzi.

Tuje kwenye utumishi. Meli za Island zilifanya kila kazi ambayo mlinzi wa pwani huitiwa. Karibiani zilifukuza boti za madawa ya kulevya na kuokoa wahamiaji waliopakizana kwenye vyombo vibovu. Alaska zililinda uvuvi kwenye baridi ambayo sisi hatuwezi kuifikiria. Tarehe 11 Septemba 2001, New York iliposhambuliwa na watu wakakimbilia ukingoni mwa maji, ni meli ya aina hii, Adak, iliyokuwa ikiongoza msururu wa feri, boti za kuvuta meli na boti za watu binafsi kuwatoa kule. Siku ile walivushwa watu wapatao laki tano. Adak haikuwapakia wao wote, haiwezekani. Kazi yake ilikuwa kupanga nani aingie gati gani na nani asubiri.

Mwaka 2003 Adak na wenzake watatu wakapakiwa juu ya meli kubwa ya mizigo wakapelekwa Ghuba kwa vita vya Iraq. Baadaye wakafika sita, kituo chao Bahrain, na wakabaki huko karibu miaka ishirini. Vyombo vilivyochorwa kutoka siku tano na kurudi, vikiwa kwenye joto na chumvi na mchanga wa Ghuba. Mie kama fundi wa injini nawavulia kofia mafundi wao kabla sijamvulia nahodha yeyote. Injini ya mwendo kasi haisamehi: ukichelewa kubadilisha mafuta, ukiacha chujio la maji ya bahari lizibe, unaisikia kabla ya kuiona.

BintiMkoani

Kaka TeziNaOmo, umesema "mazuri yake na aibu yake". Mazuri tumeyasoma. Aibu iko wapi?

TeziNaOmo

Inakuja dada, na ndiyo iliyonifanya nifungue uzi huu.

Meli za Island zilikuwa na upungufu mmoja ulioonekana kila siku. Boti yao ndogo ya mpira, ile inayobeba kikosi cha ukaguzi au ya kuokolea, ilikuwa inashushwa kwa kreni kutoka sitahani. Bahari ikichafuka kreni ile ni hatari. Boti inabembea, inagonga ubavu wa meli, na watu wamo ndani. Kwa hiyo kukawa na fikra: zirefushwe kwa tezi, yaani nyuma, futi 13 ziongezwe, na kwenye tezi hiyo mpya iwekwe njia ya mteremko ambayo boti ndogo itateleza kuingia na kutoka majini bila kreni. Futi 110 zikawa 123. Ilikuwa ni sehemu ya mpango mkubwa wa kuwabadilishia Walinzi wa Pwani vyombo vyao vyote, na meli nane zikafanyiwa kazi hiyo: Matagorda, Metompkin, Padre, Attu, Nunivak, Vashon, Monhegan na Manitou.

Fikra ya mteremko ilikuwa nzuri, nasema hivyo kwa moyo wote na nitairudia mbele. Tatizo ni bodi.

Meli ikiwa juu ya mawimbi inapindwa. Wimbi likiwa katikati, omo na tezi zinaning'inia, sitaha inavutwa na mkuku unabanwa. Mawimbi yakiwa mbele na nyuma, katikati inaning'inia, na mambo yanageuka. Chukua ubao uweke juu ya mawe mawili, simama katikati. Kisha chukua ubao wa unene ule ule ulio mrefu zaidi, sogeza mawe, simama tena. Huhitaji kwenda chuo kujua upi utakunja zaidi. Na haukunji kwa kiasi kile kile cha urefu ulioongeza. Nguvu ya mawimbi ya kupinda bodi huongezeka takriban kwa urefu uliozidishwa kwa urefu. Urefu wa meli hizi uliongezeka asilimia 12, kwa hiyo nguvu ya kupinda iliongezeka robo nzima au zaidi, na mabati yalikuwa yale yale membamba ya mwaka 1985 na kuendelea, yameshatumika, yameshaliwa na chumvi. Juu yake uzito wa tezi mpya, mteremko, boti kubwa zaidi na vyumba vipya.

Ndio maana kuna hesabu maalum inayopimia uwezo wa bodi kuhimili kupindwa, kwa kutazama mabati ya sitaha na ya chini yako umbali gani na yana unene gani. Hesabu hiyo ndiyo roho ya kazi yote. Kiwanda kilileta jibu la zaidi ya inchi za ujazo 5,200. Uwezo wa kweli ulikuja kuonekana kuwa karibu nusu ya hapo.

Matagorda ndiyo iliyokuwa ya kwanza kurefushwa. Mwaka 2004, muda mfupi tu baada ya kurudi kazini, ilipata mikunjo bodini ikiwa safarini. Chuma kilijikunja. Wakaongeza mikanda ya chuma kwenye zile nyengine, matatizo yakaendelea, pamoja na shafti za rafadha kukataa kukaa kwenye mstari wake. Jambo hilo peke yake lingetosha kunikosesha usingizi, kwani shafti ikitoka kwenye mstari ina maana bodi inayoishika inacheza. Tarehe 30 Novemba 2006 zote nane zikaondolewa kazini kwa mpigo. Takriban dola milioni 100 zilikuwa zimekwisha kwenda, na meli nane zilizokuwa zikifanya kazi zikawa si za kurefuka wala si za kufupika tena.

Serikali ikakishtaki kiwanda mwaka 2011 kwa madai ya kuleta hesabu zisizo za kweli, na shauri likaisha kwa makubaliano ya dola milioni 8.5 mwaka 2015.

Sasa tazameni: hawa walikuwa na fedha, vyuo vya uhandisi, taasisi za ukaguzi wa meli zenye zaidi ya miaka mia. Waliozitoa baharini ni mabaharia waliosema "bodi inakunja", na mmoja wa wahandisi wa mradi, Michael DeKort, ambaye mwaka 2006 alijirekodi video na kuiweka YouTube kueleza kasoro nyengine alizoziona kwenye mradi huo huo, baada ya kuona wakubwa zake hawamsikilizi.

BintiMkoani

Nimesoma mara mbili. Nimekaa kimya kidogo kabla ya kuandika.

Sisi watu wa Mkoani, Pemba, hatuhitaji kuelezwa chombo kupewa mzigo ambao hakikuchorewa ni nini. Feri ya Spice Islander ilizama nje ya Nungwi alfajiri ya 10 Septemba 2011 ikiwa imepakia kupita kiasi. Hata mwaka haujatimia sawasawa, 18 Julai 2012, feri ya Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar. Kwetu hakuna mtaa uliokosa matanga. Swali langu, kaka yangu, na nakuuliza wewe kwa sababu unaijua kazi: meli kama hizi zingeokoa watu?

TeziNaOmo

Dada, Mwenyezi Mungu awarehemu wote. Nitakujibu kama ninavyolijua, nisikupambe.

Kutoka bandari ya Malindi hapa Unguja hadi Nungwi ni kama maili 27 hadi 30 za bahari. Chombo cha noti 28 kikiwa na injini moto na watu ndani kinachukua saa moja na kidogo. Kikiwa kimefungwa gatini, mabaharia majumbani kwao, tanki nusu, kinachukua saa tatu, na wala si kosa la chombo. Kwa hiyo jibu la kwanza ni kwamba chombo kinaokoa kikiwa baharini au tayari kuondoka, si kikiwa kwenye picha.

La pili. Skagit ilijengwa 1989 katika jimbo lile lile la Louisiana, na ilikuwa ikifanya kazi Puget Sound, upande wa magharibi wa Marekani, maji yaliyozungukwa na nchi kavu. Ikaletwa hapa kwenye mkondo wa Unguja, na Julai ni mwezi wa kusi. Mtu yeyote wa baharini hapa anajua kusi la Julai linavyoinua bahari. Chombo kilikuwa kizuri kwa maji yake. Ndiyo maana nimewaandikia habari ya Matagorda kwa kirefu: swali la "kilichorewa bahari gani, na nani aliyehakikisha kuwa kimebaki kama kilivyochorwa" ni moja kwa meli ya doria na kwa feri ya abiria.

Na doria ina kazi ya tatu ambayo watu huisahau. Chombo cha doria kinachosimama mlangoni mwa bandari saa ya feri kuondoka, kikahesabu watu na kukitazama chombo kimezama hadi mstari gani, kimeokoa watu wengi kuliko kikifika Nungwi na kamba mkononi.

MwanaKojani

Yakhe mie ni mvuvi, sina elimu ya hesabu za chuma, ila nna yangu. Meli ya mita 33 au 40 itanisaidia nini mie nikiwa dago (kambi ya wavuvi), mashua imepasuka juu ya mwamba, maji yametoka? Haiji. Itasimama huko kwenye kina ikinitazama kwa darubini. Wanaokuja kutuokoa ni wavuvi wenzetu na boti ndogo za faiba. Bora fedha hizo zikanunue boti ndogo ishirini ziwekwe Kojani, Tumbatu, Msuka, Makangale, Mkokotoni.

Kigomasha

Hapo mwanangu Kojani umenena. Maji ya bamvua hapa yanapanda na kushuka karibu mita nne. Chombo kilichoingia asubuhi mchana kimekaa mchangani.

TeziNaOmo

MwanaKojani, nilikuwa nakusubiri wewe khasa, na sehemu kubwa nakubaliana nawe. Boti ndogo za vijijini kwanza, kabisa. Lakini mbele ya Mkondo wa Pemba usiniache. Kati ya Pemba na bara kuna kina cha mita 800 na zaidi. Upande wa mashariki wa kisiwa ni Bahari ya Hindi, hakuna kisiwa mbele yako. Boti ya faiba ya mita saba yenye injini mbili za nje haiendi kule mwezi wa saba ikarudi na watu salama. Na wanaokuja kutuibia jodari hawako juu ya mwamba wa Kojani, wako maili mia na zaidi nje.

Jawabu ni meli inayobeba boti ndogo hadi huko, na kuweza kuishusha. Hapo ndipo ile fikra ya mteremko wa tezi inaporudi.

Baada ya fedheha ya zile nane, na baada ya mchoro mwengine wa bodi ya faiba kusimamishwa mwaka 2006 kwa kuwa haukuaminika, Wamarekani waliweka sharti: meli mpya lazima itokane na meli mzazi, chombo kilichokwisha kujengwa na kufanya kazi baharini. Kilichoshinda ni mchoro wa Damen wa Uholanzi unaoitwa Stan Patrol 4708. Wakaziita Sentinel. Urefu mita 46.8, mabaharia 24, noti 28, siku tano baharini, na tezi yenye mlango na mteremko ambao boti ya futi 26 inateleza kutoka na kuingia huku meli inatembea. Mteremko ule ule uliowashinda, safari hii umechorwa pamoja na bodi tangu siku ya kwanza. Anayezijenga ni Bollinger yule yule. Zile Island zilipelekwa Bahrain kwa kupakiwa juu ya meli nyengine. Sentinel zimevuka Atlantiki na Mediterania kwa injini zao wenyewe.

Ya kwanza iliingia kazini Aprili 2012 na inaitwa Bernard C. Webber. Huyu hakuwa amiri. Alikuwa baharia wa cheo cha chini ambaye Februari 1952, katika tufani nje ya Cape Cod, alitoka na wenzake watatu kwenye boti ya mbao ya futi 36 wakaenda kwenye meli ya mafuta Pendleton iliyokatika vipande viwili, wakarudi na watu 32. Boti ya futi 36! MwanaKojani, wao wenyewe wanajua kinachookoa watu ni boti ndogo, ndiyo wakaipa meli nzima jina la mtu wa boti ndogo.

Sasa nisikilizeni hapa. Hiyo meli mzazi ilikuwa wapi? Afrika Kusini. Cape Town, kiwanda cha Farocean Marine, kilijenga meli tatu za mchoro huo mwaka 2004 na 2005 kulinda uvuvi na mazingira: Lilian Ngoyi, Ruth First na Victoria Mxenge, majina ya wanawake waliopigania ukombozi. Marekani ilikuja kuchukua mchoro ambao bahari ya kusini mwa Afrika imeshaujaribu.

Mlandege77

Subiri sheikh, Afrika Kusini si ndiyo iliyoleta ile meli iliyokamata "samaki wa Magufuli"?

TeziNaOmo

Ndiyo hiyo, umeniwahi. Sarah Baartman, dada yao mkubwa, ya Damen pia, mita 83. Machi 2009 ilikuwa kwenye doria ya pamoja ya nchi za SADC na wakaguzi wa nchi kadhaa ndani yake, wakiwemo Watanzania, ikaikamata Tawariq 1 kwenye eneo letu la bahari kuu ikiwa na karibu tani 300 za samaki, wengi jodari. Magufuli alikuwa waziri wa uvuvi, jina likabaki. Kesi ilikwenda miaka, hukumu ikatoka 2012 na Mahakama ya Rufani ikaitengua 2014. Sitaingia kwenye sheria. Ninachosema ni kuwa ili kuikamata meli moja ndani ya maji yetu ilibidi kije chombo kutoka Cape Town.

Tena Januari 2018, Operesheni Jodari ya kupambana na uvuvi haramu. Chombo kilikuwa Ocean Warrior cha Sea Shepherd, shirika la kulinda viumbe vya bahari, kimejengwa na Damen hao hao Antalya, Uturuki, 2016. Walinzi na wakaguzi walikuwa wetu, meli ya kuwabeba ikawa ya watu. Mamlaka ya bahari kuu makao yake makuu yako hapa Unguja. Mie hili linaniuma, nasema kweli. Watu tunao, tena mabaharia kwa kuzaliwa.

Forodhani_Kwetu

Ahsante kwa somo, ami. Mie nashughulika na vipuri vya injini, kwa hiyo nna swali la mfukoni. Wamarekani wanagawa hizo Island zilizostaafu. Kwa nini na sisi tusiombe mbili za bure? Bodi unasema nzuri.

TeziNaOmo

Swali zuri, na si la kubeza. Ni kweli, wamezitoa kwa Georgia, Costa Rica, Ukraine na kwengineko. Ukraine walikabidhiwa mbili Baltimore mwaka 2018, Drummond na Cushing, zikafika Odesa 2019 zikiwa na majina mapya, Starobilsk na Sloviansk. Sloviansk ilizamishwa vitani Machi 2022. Kwa hiyo ni meli zinazoweza bado kufanya kazi.

Lakini wewe wa vipuri unajua kuliko mie. Chombo cha miaka thelathini na zaidi, mabati yake yalikuwa membamba tangu yakiwa mapya ili kikimbie. Kila kikipandishwa chelezoni utapima unene na utabadilisha bati. Paxman Valenta ni injini ya kuiheshimu, ila utaitafutia pistoni wapi, maduka ya Mlandege? Mapezi ya kuzuia kuyumba yana mipira na pampu za mafuta ambazo zikifa watu huyafunga yasifanye kazi, na meli inayumba kama tishali. Na dizeli: injini mbili kubwa kwa mwendo wa juu zinakunywa mafuta ya mwezi mzima wa boti ndogo kwa doria moja. Chombo cha bure kisicho na fungu la mafuta na chelezo kitafungwa gatini, na mwaka wa pili kitaota majani.

Kama fedha zipo kidogo, mie ningefuata njia ya MwanaKojani nusu na yangu nusu: boti ndogo za vijijini, na meli moja ya saizi ya kati, mita 30 hadi 45, mpya, ya mchoro ambao tayari unafanya kazi kwenye bahari kama yetu, injini za aina ambayo fundi na vipuri vyake vinapatikana Dar au Mombasa, na mabaharia wawili kwa kila nafasi ili chombo kisikae kwa sababu watu wamechoka. Mwendo noti 22 unanitosha. Nasema hivyo nikijua vijana watanirukia.

Forodhani_Kwetu

Noti 22 na boti za madawa zinakwenda 40?

TeziNaOmo

Hata 28 haizifikii mwanangu. Hazifukuzwi kwa meli, zinafukuzwa kwa boti iliyoshushwa kutoka kwenye meli, na kwa simu iliyopigwa mapema.

MwanaKojani

Haya sheikh, nimeridhika nusu kama ulivyosema nusu. Siku hiyo meli ikiletwa, wakikualika Malindi kwenye sherehe, utaomba nini?

TeziNaOmo

Nitaomba cheti cha nguvu ya bodi na jina la mkaguzi aliyekitia saini, awe si wa kiwanda kilichoijenga. Nitaomba kitabu cha injini na orodha ya vipuri vilivyokuja pamoja na meli. Kisha nitaomba sherehe iahirishwe hadi Julai, itolewe baina ya Nungwi na Mkoani kusi likiwa juu, iishushe boti yake ndogo na kuipandisha mara kumi na watu ndani, nawe MwanaKojani uwemo kwenye boti hiyo utuambie ilivyokuwa.